Alama za Mwalimu Neema

Hii sipendi kuisimulia, basi likipita Ipogolo, pale Iringa, huwa najifanya nimelala nisije nikaonana na mtu, ila ngoja niwaambie leo, maana ninyi ndio mnaonitania kwamba mwanasaikolojia napima akili za watu (yangu sijaipima).

Shule moja ya binafsi Iringa iliniita kutoka Mbeya nimpime Mwalimu Neema, mama wa miaka hamsini hivi, alianguka na bodaboda akapoteza fahamu, wakataka kujua kama anaweza kurudi darasani. Kwenye maneno na kumbukumbu alinishangaza, alama za juu kabisa, lakini kwenye kunakili vialama kwa penseli huku saa inakwenda, akashuka vibaya mno. Sasa, kabla ya kupima unatakiwa umhoji mtu, macho, mikono, maumivu, usingizi, nami maswali yote hayo niliyaruka ili niwahi basi la saa nane kurudi kwangu Uyole, Mbeya. Nikaandika: tofauti hii inaonyesha ubongo umeumia.

Wiki iliyofuata wakaniita niisome ripoti mbele ya kamati (siri ya mtu hiyo, nilipaswa kukataa, lakini sifa tamu), walimu wenzake wapo, mumewe yupo, nami na suti yangu nachora ubaoni, alama hizi juu, hizi chini, mnaliona hilo korongo?

Mwalimu Neema akasimama, akapandisha mkono wa sweta. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda, mfupa uliunga vibaya.

"Mwanangu, mimi naandika kwa kulia. Siku ile nilishika penseli kwa kushoto, ukanitazama tu. Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani unatumia shoto, mama."

Watu wakacheka. Mumewe hakucheka.

Nikajikanyagakanyaga kueleza kwamba hata mtu mzima wa afya alama zake hupanda na kushuka, tofauti peke yake haithibitishi ugonjwa, yaani yale niliyopaswa kuyaandika tangu mwanzo. Ripoti nikaifuta kwa barua. Mkuu wa shule akajibu kwamba nafasi imeshapata mtu, na wazazi wameshasikia habari za ubongo.

Hakurudi darasani. Nasikia hata nyumbani akisahau chumvi kwenye mboga, wanatazamana. Nilimpigia kuomba radhi, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, asante," akakata.

Siku hizi alama za mtu zikiachana namna ile, siandiki neno kabla hajanieleza mwenyewe, hata ikichukua siku nzima. Mwalimu Neema haimsaidii kitu.