Nilidhani ni Mwakenya

Tulipokuwa kidato cha tatu, msichana niliyekaa naye dawati moja alitoka nafasi ya thelathini na tisa akafika ya nne kwa muhula mmoja. Mimi niliyekuwa wa sita niliteremka hadi wa kumi na moja. Nilimpongeza kwa mdomo. Moyoni nilisema, huyu anaiba mtihani.

Nilikuwa na sababu zangu. Kwetu, mama alikuwa ameniondolea kazi zote. Nikitoka shule nilikaa mezani na kitabu mpaka chakula cha jioni, nikipiga mistari kwa kalamu ya manjano hadi ukurasa mzima ukawa njano. Yeye aliishi na nyanyake, na kila alasiri nilimwona kupitia dirisha letu, kwenye shamba lao, kikapu mgongoni, akichuma chai. Sasa alisoma saa ngapi?

Nikaanza kumchunga. Nikagundua ana vikaratasi kwenye mfuko wa sweta. Mwalimu akichelewa, anachomoa kimoja, anakiangalia, anafumba macho, midomo inacheza. Nikigeuka, anakirudisha haraka.

"Hiyo ni nini?" nilimuuliza siku moja.

"Ni vitu vyangu tu."

Jibu hilo lilinitosha. Wiki ya mtihani nilienda kwa mwalimu wetu wa darasa nikamwambia kuna mtu ana mwakenya, vikaratasi vya majibu vya kuibia mtihani, nikamtaja.

Madam alimwambia asimame, atoe kila kitu mfukoni mbele yetu. Vikaratasi vilimwagika mezani. Madam akasoma kimoja, akasoma kingine, akavigeuza nyuma.

"Mbona ni maswali matupu? Majibu yako wapi?"

"Sijaandika, madam. Nikiandika jibu, sitalitafuta kichwani."

Madam alimrudishia vyote. Mwenzangu hakuuliza ni nani aliyesema. Alinitazama mara moja tu, akaketi akafanya mtihani wake.

Ungedhani niliona aibu nikaacha. Wapi! Nilijiambia majibu ameyaficha kwingine. Jumamosi hiyo nilimfuata mpaka kituo cha majani chai, mahali watu hungoja lori la kubeba chai hata kwa muda wa saa mbili. Nikajifanya nimetumwa na mama.

Nilimkuta ameketi kando ya nyanyake. Nyanya, ambaye hakuwahi kuingia darasani, ndiye alikuwa ameshika vikaratasi, vingine juu chini. Alimpa kimoja. "Nieleze hii." Msichana akaeleza kwa lugha ya nyumbani, polepole. Nyanya akatikisa kichwa, hajaelewa. Karatasi ikaingia mfuko wa kushoto, irudiwe kesho. Ile aliyoelewa ilienda wa kulia.

Kisha akaniona.

"Wewe ndiye ulisema mtoto wangu ni mwizi?"

Sikuweza kukana. "Ndiyo, gogo," nikasema, kama tunavyowaita nyanya kwetu.

"Haya, keti. Na wewe nieleze."

Mjukuu wake akanisomea swali: kwa nini jani hunyauka likishachumwa? Nikatoa maneno ya kitabu, yote niliyokuwa nimepiga manjano.

"Hayo umekariri," nyanya akasema. "Maji yameenda wapi?"

Nikarudia maneno yale yale ya kitabu. Watu waliokuwa wakingoja wakacheka. Mwenzangu hakucheka.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Sawa. Lakini ungeniuliza mara ya pili ningekuonyesha."

Jumatatu aliomba kuhamia dawati la mbele. Mimi nikaanza kukata karatasi zangu, nikijiuliza maswali njiani kwenda shule na nikikamua ng'ombe, kazi niliyoirudia kwa hiari yangu. Sasa mama naye akaanza kunishuku. "Mbona siku hizi sikuoni na kitabu?" Nikamwomba akae nimweleze tulichosoma siku hiyo. Alisikiliza huku amekunja uso, lakini alisikiliza hadi mwisho.

Muhula uliofuata niliibuka wa saba, na kichwa kilikuwa chepesi kuliko zamani. Lakini nikisema ukweli wote, siku matokeo yalipobandikwa ukutani sikuanza kwa kutafuta jina langu. Nilitafuta lake, nikitumaini ameanguka. Alikuwa wa pili.