Jumamosi za Baba Kando ya Kijito

Mwenzangu, juzi nilipita pale. Wala sikuwa na safari ya huko. Nilikuwa natoka Plano kwenda kumchukua mwanangu kwa rafiki yake, njia kuu ikajaa magari, nikakata kona nyuma ya Garland nikijiona mjanja. Mara nakiona kijito. Siku hizi kimetiwa ndani ya mfereji wa zege, na pale ukingoni palipokuwa na miti ya pekani pamesimama ghala jeupe, refu, halina hata dirisha moja, malori yanaingia na kutoka. Nikaegesha kando. Na unajua kitu cha kwanza kilichonijia moyoni? Si huzuni. Ni gere. Gere ile ile ya utotoni, mbichi kabisa, kama vile dada ameondoka na baba sasa hivi na kuniacha mimi na donge la unga wa chapati.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Tulikuwa tumetoka Mombasa mimi bado mchanga, tukakaa Garland, huku Texas, katika nyumba za kupanga, ghorofa ya pili, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba aliendesha teksi ya uwanja wa ndege. Akitoka baada ya Isha, harudi mpaka alfajiri. Mama alikuwa akiwahudumia wakongwe katika nyumba ya kutunzia wazee. "Baba amelala" ndiyo maneno niliyoyasikia kuliko yote utotoni mwangu. Televisheni tuliitazama bila sauti. Tukicheka, mama anatukodolea macho na kutufukuza nje. Mlango wa chumba chao ulifungwa mchana kutwa, na nyuma ya mlango huo ndiko alikokuwa baba. Jioni alitoka, akala upesi upesi, akakuuliza habari za shule, na kabla hujamaliza kujibu keshaanza kutafuta funguo za gari.

Siku yake ya kupumzika ilikuwa Jumamosi. Nami kwa akili yangu ya kitoto nilikuwa nimeshaipangia Jumamosi hiyo mambo chungu nzima. Akaja dada akaichukua.

Dada alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi tisa. Mwalimu wao wa historia aliwaambia kwamba ukingoni mwa kijito kile waliishi watu wa kale, watu waliokuwapo zamani sana kabla Mzungu hajakanyaga nchi hii. Sasa majengo yalikuwa yanakuja, na kundi la watu wa kujitolea lilikuwa linachimba mbio mbio kuokoa kinachookoleka. Mwanafunzi anayetaka kusaidia aende, lakini aende na mzazi, na aliye chini ya miaka kumi na miwili haruhusiwi. Sheria hiyo niliiona imetungwa kwa ajili yangu mimi peke yangu.

Dada alimwomba baba mezani, kwa Kiingereza, kama tulivyozoea. "Sema Kiswahili," baba akamwambia. Akasema, "Baba, nataka twende tukachimbe." Baba akacheka. "Nimevuka bahari yote ile ili mwanangu aje kunichimbia mashimo?" Lakini alikubali. Dada akiomba kitu baba hukubali. Mimi nikiomba naambiwa tutaona.

Basi kila Jumamosi asubuhi nilisimama dirishani nikiwatazama wanaingia garini. Dada anakaa mbele kama bibi harusi, chupa ya maji mapajani, kofia kichwani, hata hageuki kunipungia mkono. Wakishapotea naitwa jikoni. Mama alikuwa akipika mbaazi za nazi, nazi ya kugandishwa iliyotoka duka la Wavietnamu, na mimi nasukuma chapati. Joto la jiko na joto la Texas pamoja, wadudu wa mitini wanalia nje kama mashine, na mimi kila chapati naisukuma kwa hasira mpaka inatoboka. "Hiyo chapati imekukosea nini?" mama ananiuliza. Nachukua donge jingine.

Wakirudi Alasiri, baba alioga, akaswali, akajitupa kitandani. Dada ndiye aliyekuja jikoni na habari. Ananuka jua na matope, nywele zimejaa vumbi, na hapo ndipo mateso yangu yanapoanza.

"Leo mimi na baba tumepata jiko," atasema. Anatueleza: mawe yamepangwa duara, yameiva kwa moto mpaka yakawa mekundu na kupasuka, na pembeni makombe ya kome wa mtoni yametupwa rundo, kama watu wameshiba na kuinuka sasa hivi. Baba alipiga magoti, akapuliza vumbi, akasema hapa alipika mtu aliyejua kupika. Juma jingine walikuwa wamepata kichwa cha mshale, jiwe la gumegume jembamba linalopitisha mwanga. Haruhusiwi mtu kukichukua. Kinapimwa, kinachorwa, kinatiwa katika kifuko na kuandikwa mahali kilipotoka. Baba alikishika kwenye kiganja, asema dada, akakitazama muda mrefu.

Lakini kilichonimaliza ni kile kisa cha nyumba. Walikwangua udongo pole pole kwa mwiko wa mwashi, wakaona madoa meusi ya mviringo yamejipanga. Dada alivyoeleza, mtu akichomeka nguzo ardhini ikaja ikaoza, lile shimo lake hujaa udongo wa rangi nyingine. Kwa hiyo nyumba ya zamani haibaki nyumba, inabaki duara la madoa. Hawakujua waliokaa humo walijiita nani. "Basi baba," dada akasema, "akaenda akasimama nje ya duara, pale palipokuwa mlango, akapiga hodi."

Mama akacheka mpaka akashika meza. "Hodi! Mume wangu huyu!"

"Na nani alimwitikia?" nikauliza, roho inanichoma.

"Mimi. Nilikuwa ndani. Nikasema karibu."

Wallahi nilitaka kumng'ata. Baba yangu mimi, ambaye hakuwahi hata siku moja kucheza nami mchezo wowote, anakwenda kupiga hodi kwenye nyumba ya hewa ili dada amwitikie! Nililala siku ile nimempa mgongo. Asubuhi yake nikachukua kijiko nikaenda kuchimba nyuma ya majengo yetu, penye mapipa ya taka. Nilipata vizibo vya soda na mfupa wa kuku. Jioni nikamwonyesha baba ule mfupa alipokuwa anatafuta funguo. Akasema, "Nawa mikono."

Kazi yangu nyingine ya Jumamosi ilikuwa kusafisha viatu. Udongo wa huku unaujua, ule mweusi, ukilowa unashika kama gundi. Vya dada nilivikwangua kwa kisu kikuukuu, bonge kwa bonge, huku nasonya. Vya baba vilikuwa safi siku zote. Nikajisemea, baba ni mtu nadhifu, hata shimoni anajua pa kukanyaga.

Mambo yakaenda hivyo mpaka majira ya kuchipua yakafika na dada akapata tetekuwanga. Mwili mzima! Nisamehe, lakini sikusikitika hata chembe. Mimi nilikuwa nimeshaugua mwaka uliotangulia. Na ile ndiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho, maana matingatinga yalikuwa yanaingia wiki inayofuata. Dada akalia kitandani, baba akasimama mlangoni, na mama aliyekuwa ameshachoka na manung'uniko yangu akasema, "Mchukue huyu naye akalione hilo shimo, sote tupumzike." Alipiga simu kwa bibi mmoja mstaafu aliyekuwa akiwasimamia wachimbaji. Bibi akasema mdogo aje tu, ataosha kome.

Mwenzangu, nilikaa kiti cha mbele! Nilikuwa nimevaa kofia ya dada bila ruhusa. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi kimoyomoyo. Baba akipiga hodi nitasema karibu, tena kwa sauti, na nitaongeza karibu ndani, karibu chai, mambo ambayo dada hakuyafikiria.

Tulifika. Baba akaegesha chini ya mti wa pekani, akateremsha vioo. Kule mbele niliona kamba zimefungwa miraba miraba, watu wameinama, wengine wanatikisa chekecheo na vumbi linapaa. Nikafungua mlango.

"Nenda kwa yule bibi mwenye kofia ya ukili," baba akasema. "Nakuja sasa hivi."

Akaulaza mgongo wa kiti, akafunika uso kwa gazeti, akalala. Papo hapo, kama mtu aliyezimwa.

Nilikwenda. Yule bibi alikuwa mchangamfu, uso umeungua jua, mikono imepasuka. Akanipa beseni la maji na mswaki. Nikamwambia namsubiri baba yangu kwanza, tuanze pamoja. Akatazama kule garini akatabasamu. "Mwache alale kama kawaida yake, mpenzi. Akiamka ni saa ya kurudi nyumbani."

"Kawaida gani?" nikamuuliza.

"Kila Jumamosi," akasema. "Maskini, anafanya kazi usiku, dada yako aliniambia. Anasema tusimwamshe."

Nilisimama pale na mswaki mkononi. Lile duara la madoa lilikuwa hatua chache mbele yangu, limezungushiwa kamba, na nyasi zilizolizunguka zilikuwa hazijakanyagwa na kiatu cha baba hata siku moja. Nikafikiria viatu vyake. Nikafikiria hodi. Halafu nikaweka mswaki chini, nikarudi garini.

Nilikaa karibu naye siku nzima. Sikuosha kome hata mmoja. Nzi walikuja nikawafukuza kwa pindo la gazeti. Jua liliposogea nikachukua kanga ya mama iliyokuwa kiti cha nyuma nikaitundika dirishani ili lisimpige usoni. Sikuwahi kumtazama baba kwa muda mrefu namna ile. Alikuwa na mvi kidevuni ambazo sikujua zipo, na soksi zake zilikuwa za rangi mbili tofauti. Alikoroma kwa namna ya ajabu: anavuta, anavuta, kisha inakatika katikati, kimya, mpaka unaogopa, halafu inaendelea kama haikutokea kitu. Kila ikikatika nami nashika pumzi.

Alipoamka alijipangusa uso akauliza, "Haya, mmepata nini leo?"

"Hakuna."

"Si neno," akasema, akawasha gari.

Nyumbani dada alikuwa amekaa kitandani amepakwa dawa nyeupe mwili mzima, macho yananisubiri. "Mmechimba?" akauliza. Akalitamka neno hilo pole pole mno. Nilikuwa na ukweli wote kinywani, lakini nilipomtazama nikaona nikiusema sitabaki na hodi ile, wala yeye hatabaki nayo. "Tumechimba," nikamwambia. Akageukia ukuta.

Dada amekuwa mchimbaji kweli, ana shahada yake, huitwa kukagua ardhi kabla barabara hazijapita. Alihamia Sugar Land, pembeni mwa Houston, na baba alipoanza kuumwa moyo, unadhani alienda kukaa kwa nani? Kwa dada, bila shaka, ndiye aliyekuwa na chumba cha chini na hospitali karibu. Mimi nikawa wa kuendesha gari mpaka Houston mwisho wa juma kumsalimu baba yangu kama mgeni. Na alikofia ni huko huko, kwa dada.

Kwenye matanga, nyumba ilijaa wanawake wa Mombasa na Unguja waliotoka pembe zote za Houston, na dada akawasimulia. Jiko la mawe. Kichwa cha mshale. Baba kapiga magoti matopeni. Baba kapiga hodi. Wanawake walilia na kucheka kwa pamoja, na mimi niliyekuwa nazungusha sinia ya kahawa nikasikia roho inanichoma vile vile, ingawa nilijua. Hasa kwa sababu nilijua. Yeye alikuwa na baba aliyeamka, hata kama amemtunga mwenyewe, na mimi sikuwa na akili ya kujitungia wangu.

Alinifuata jikoni nikiosha vikombe. Akachukua kitambaa akaanza kufuta, kikombe kimoja, hakimalizi.

"Ile siku yako," akasema. "Nilipougua. Ulisema mlichimba."

"Eeh."

"Nimekuwa nikitaka kukuuliza miaka yote hii." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto. "Aliamka?"

Nikamgeukia. Mtu mzima, mama wa watoto, msomi, na usoni ana gere tupu. Ningeijua gere hiyo popote, nimeishi nayo.

"Hakuamka," nikasema. "Alilala siku nzima, dada."

Akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. "Alhamdulillahi," akasema, kisha akasikia alichokisema akaziba mdomo, tukaangua kicheko wote wawili, mpaka mama akachungulia akatukemea, msiba gani huu wa vicheko.

Alipoondoka mama, dada akauliza kwa kunong'ona, "Alikoroma?"

"Alikoroma."

"Ile ya kukatika katikati?"

"Hiyo hiyo."

Akafumba macho, nikajua anaisikiliza. Nikajaribu nami kuisikiliza, nikaipata kidogo tu, kwa mbali. Yeye aliisikia Jumamosi zote zile. Mimi niliisikia siku moja.