Jini na Mkono wa Chuma

Kaka yangu ni fundi miwani, na nyumbani tunamwita Hakimu. Jina hilo hakulipata mahakamani. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana anafunga duka, anasogeza kando fremu na vitambaa vyake, na sisi watatu, yeye, mkewe na mimi mdogo wake, tunakaa kucheza mezani pale pale pa kazi. Kila mchezaji ana mhusika aliyembuni mwenyewe. Hakimu anasimulia yanayowapata wahusika na kusimamia kanuni, na mambo yakiwa magumu dadu ndiyo inayoamua. Wifi ni mpelelezi. Mimi ni jini, mwaka wa kumi na moja sasa, na wanaonicheka kazini hawajui wanachokikosa.

Hakimu ana daftari la kanuni, kaliandika kwa mkono wake. Ya tisa ndiyo iliyotugombanisha: kiumbe wa ulimwengu wa roho akipachikwa mtambo mwilini, robo ya nguvu zake inapotea wala hairudi. Mwaka jana jini wangu alikatwa mkono. Katika mji wa hadithi yetu kuna mafundi wanaoweka mikono ya chuma, hata masikio yanayosikia mtaa wa tatu. Nikaomba mkono bila kupoteza robo. Akakataa.

"Ukimruhusu jini kila kitu, ataogopa nini?" akaniuliza. "Na asiyeogopa kitu hana hadithi."

"Kaka, jini anaingia kwenye chupa, kwenye mti, kwenye mtu. Atashindwa na chuma?"

"Kuingia ni kuingia. Kupachikwa ni kupachikwa."

Ubishi huo ulikuwa raha yetu, mpaka siku Hakimu alipoanguka mbele ya mashine ya kusagia vioo. Daktari alisema moyo wake unasita: unapiga, unasimama sekunde kadhaa, unaendelea. Dawa hazitoshi. Apasuliwe kidogo kifuani, awekewe kidude chenye betri cha kuushtua kila unaposita. Hakimu akasema atafikiria. Siku ya kwanza aliyopangiwa, alikuwa na miwani ya mteja ya kumalizia. Ya pili, ana mafua. Ya tatu ilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na daktari alishamwambia wifi pembeni kwamba moyo huo siku moja utasita usiendelee.

Jumapili ya kuamkia siku hiyo tulicheza kwa sababu alishikilia tucheze. Kawaida Hakimu akitaka kututisha hunyamaza katikati ya sentensi, anatuacha tunahangaika. Zamani nilikuwa naupenda ukimya ule. Siku hiyo nilikaa roho juu, nasubiri kila neno lifuate.

"Mlango ukafunguka," alisema, "na ndani yake..."

Akanyamaza. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Wifi akaruka, kiti kikaanguka, akamkamata mabega. "Mume wangu! Mume wangu!"

"Nilikuwa natoa joka!" Hakimu akafoka. "We mwanamke, umeniharibia joka langu!"

Tukacheka mpaka wifi akaanza kulia, na hapo hakuna aliyejua pa kutazama.

"Kesho huendi, sivyo?" nikamuuliza.

Alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Siogopi kisu," akasema. "Naogopa kuamka nikiwa mimi kasoro robo."

Nilitaka kumcheka. Mtu mzima, aliyewavalisha nusu ya mtaa vioo usoni, anaogopa kanuni aliyoitunga mwenyewe! Kweli mganga hajigangi. Lakini nilimtazama nikaona hatanii, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku alipoanguka.

"Naishtaki kanuni ya tisa," nikasema.

Mezani kwetu kanuni haifutwi kwa maneno. Anayeishtaki anamweka rehani mhusika wake na kurusha dadu mara moja. Tano au sita, kanuni inafutwa. Chini ya hapo, mhusika anakufa. Ni wifi tu aliyewahi kuthubutu. Alipata nne, na mhusika wake wa kwanza tukamzika siku hiyo hiyo.

"Utampoteza jini wako, mdogo wangu."

"Ni wangu. Nikishinda, kesho unakwenda?"

Akaitikia kwa kichwa, shingo upande.

Nikarusha kwa nguvu. Dadu ikaruka mezani, ikadondoka, ikabingirika hadi chini ya mashine. Anayeisoma ni Hakimu, hivyo akapiga magoti polepole. Mimi nilikuwa nimeinama upande wa pili, na niliiona vizuri.

Mbili.

Hakimu akaitazama. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Wifi alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote.

"Sita," akasema.

Akainuka, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya kanuni ya tisa, kisha akamuuliza mkewe kama shati la kuvaa kesho limepigwa pasi. Wifi akawa anainama kuitafuta dadu. Nikawahi kuingiza mkono, nikaitia mfukoni.