Filamu Iliyokatikia Kondele

Asubuhi moja niliondoka mtaani kwetu Kondele bila mpango na bila kumuaga mtu, kwa sababu ya filamu. Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Jana yake stima ilikuwa imepotea katika banda la video, tena mahali pabaya kabisa: kijana aliyetoroka nyumbani miaka mingi yuko ndani ya treni, anarudi, na kijijini kwao baba yake amekwisha kulazwa juu ya kuni. Je, atafika kabla ya moto? Giza.

Siku hizo tulibanana kwenye mabenchi chini ya mabati ya moto, njugu mkononi, harufu ya dagaa wa omena ikiingia mlangoni. Filamu zilitoka India na hakuna aliyejua lugha yake, lakini hakuna aliyekosa kuelewa. Wenzangu walipenda za ngumi. Mimi nilipenda za machozi, na sijabadilisha msimamo. Ya ngumi ukishamjua mshindi imeisha. Ya machozi unatoka nayo, unakula nayo, unagombana nayo.

Na tuligombana kwelikweli. Kuni zile zilipoonekana, mama mmoja muuza mboga kutoka Manyatta alisimama.

"Wuololo! Wanamchoma mzee wa watu! Kwani hawana shamba?"

"Mama, ni desturi yao," mtu akamwambia.

"Desturi gani? Kijana akija ataonyeshwa kaburi gani?"

"Kaa chini, Mama, unatuziba!"

Hapo ndipo stima ikapotea. Mwenye banda akangoja kidogo, akachoka, akaitoa kanda na kutangaza kwamba anaipeleka Kombewa, ambako alikuwa na jenereta. Shule nilikuwa nimeiacha, kazi sikuwa nayo, na usingizi ulinikataa. Kulipokucha nikaifuata.

Nilitembea, nikapakiwa na muuza mikate kwenye baiskeli yake, nikatembea tena. Ziwa lilikuwa likionekana na kupotea upande wa kushoto, na mimi nilikuwa namwona kijana wa treni tu. Nilipofika Kombewa jua lilikuwa limeanza kulala, na mwenye kanda alikuwa ameshafunga jenereta na kuelekea soko lingine. Nikaingia hoteli ya kwanza niliyoiona. Mwenyewe aliitwa Mama Auma, mjane mwenye sauti ya kanisani, na filamu alikuwa ameitazama mchana huo akiwa benchi la mbele.

"Alifika?" nilimuuliza kabla hata ya kuagiza chai.

"Alifika moto umeisha, nyathina, mwanangu. Akaokota majivu kwa mikono yake, akayafunga kwa kitambaa, akayazika kando ya nyumba ya mamake."

Mzee mmoja aliyekuwa akinywa uji akacheka mpaka akakohoa. "Auma, wacha uongo. Yalimwagwa mtoni. Si nilikuwa hapo?"

"Hiyo ya mtoni ni makosa ya wenye filamu," alijibu, macho yakiwa kwenye sufuria. "Wewe ungemwacha kijana wa watu hivyo? Arudi nyumbani akose hata pa kusimama alie?"

Nimetazama filamu nyingi tangu siku ile, katika miji mingi, na nasema bila wasiwasi kwamba sijaona mwisho ulioushinda ule wa Mama Auma. Watoto wa siku hizi wanabeba filamu mfukoni. Wakifika penye kilio wanaisukuma mbele kwa kidole. Juzi nilimuuliza mpwa wangu juu ya moja aliyoitazama mpaka macho yakawa mekundu. Akanijibu, "Iko sawa, anko." Basi! Wao mwisho wanaupata wakati wowote, jambo ambalo sisi tulilitamani sana, lakini sijui wanabishana na nani.

Mama Auma aliniletea chai, akanitazama miguu iliyojaa vumbi.

"Wewe unatoka wapi?"

"Kondele."

"Kwenu wanajua uko hapa?"

Nikaikoroga chai.

"Babako yuko hai?"

"Yuko."

Akafungua stoo, akasukuma magunia ya mahindi ukutani, akatandika mkeka.

"Lala hapa leo. Kesho nitakutafutia gari la kurudi. Wewe bado hujachelewa."