Ngamia Aliyegoma Garissa

Walisema sitapata cheti. Nikipata, sitarudi. Nikirudi, nitakuwa nimesahau hata kukama ngamia. Msemaji wao mkuu alikuwa adeer wangu, ndugu wa marehemu baba, na alisema hayo mbele ya watu nikiwa nafunga mzigo wa kwenda Khartoum.

"Kalamu itamlainisha mikono," alisema. "Ngamia watamcheka."

Adeer huyohuyo ndiye aliyemwazima mama ngamia wa maziwa ili wadogo zangu wasilale njaa nikiwa masomoni. Majirani wawili nao wakamwazima mmoja mmoja. Kwetu mwenye ngamia humpa asiye naye. Watoto hunywa, na maziwa yakikauka mnyama hurudi kwa mwenyewe. Anayempoteza wa watu haazimwi tena.

Nilirudi na diploma ya uhasibu, ya kwanza katika ukoo wetu, tena kwa daraja la juu. Kwetu kaskazini-mashariki kulikuwa na vita kati ya serikali na waasi walioitwa shifta. Nikakwama Nairobi nikingoja kibali cha kuvuka mto Tana kurudi nyumbani, na asubuhi moja, katika hoteli ya chai Eastleigh, nikakuta watu wanacheka juu ya gazeti. Lilikuwa na pembe yake ya vituko: kuku wa miguu mitatu, bwana harusi aliyeingia kanisa silo. Chini yao, Garissa. Ngamia aliyekamatwa pamoja na mifugo ya washukiwa amegoma kuwapa askari maziwa, amempiga koplo teke na kumwaga ndoo. Mwandishi akauliza: je, naye ni shifta?

"Huko hata mifugo ni wakaidi!" alisema karani mmoja, akifuta machozi ya kicheko.

Mimi nilitazama picha. Kengele ya mti shingoni, ufa wake umebanwa kwa kipande cha kopo la majani ya chai. Ufa ule niliubana mimi, kwa mikono yangu. Yule alikuwa ngamia wa adeer. Maziwa yale yalikuwa ya wadogo zangu, na hakuna aliyeona haja ya kuandika hilo. Nilitamani kummwagia karani chai yake.

Kibali kilipotoka nilipanda lori la msafara. Mama nilimkuta katika kijiji cha serikali, walikokusanywa watu wetu ndani ya seng'enge.

"Mdogo wako alivuka mpaka wa malisho waliotuwekea, akitafuta majani," aliniambia. "Askari wakachukua ngamia wote watatu. Jumamosi wanapigwa mnada. Adeer wako nitamtazama kwa macho gani?"

"Hooyo, mama yangu, ile ngozi ya ndama iko wapi?"

Akaitoa chini ya mkeka. Barua ya nyumbani ilikuwa imeniambia kuwa ndama wa ngamia yule alikufa kwa ukame, na mdogo wangu akamchuna. Mama mtu akiinusa ngozi hudhani mwanawe yupo, na maziwa hushuka. Bila ngozi, hatoi hata tone. Huo ndio mgomo uliochekesha Nairobi nzima: mama aliyefiwa.

Nilikwenda kituoni nimevaa suti. Ofisa alikuwa mtu wa bara, mnene, mchovu.

"Kila mtu hapa anadai ngamia," alisema. "Wewe una ushahidi gani?"

"Nitamkama."

Askari wakaangua kicheko. "Na hiyo tai?" aliuliza koplo aliyekuwa akichechemea.

"Sikiliza, bwana diploma," ofisa alisema. "Akikupa maziwa, chukua wako wote watatu. Akikupiga teke, unalala ndani kwa kunipotezea wakati."

Nikavua viatu. Nikamwekea ngozi puani, nikamwimbia kwa sauti ya chini kama zamani. Alinusa, akaguna guno refu linaloumiza. Nikasimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya paja, suti na tai, nikakama mpaka povu likapanda. Uani hakucheka mtu.

"Hebu nionje," ofisa alisema.

"Yana wenyewe," nilimjibu. "Wamengoja vya kutosha."

Akaamuru lango lifunguliwe.

Mwaka uliofuata nilikuwa mhasibu mwenye mshahara, na nilimnunulia mama ngamia wake mwenyewe. Ndipo nikawarudisha wa watu, wote watatu kwa siku moja, mchana, kila mtu aone. Majirani wawili walinibariki. Adeer nilimfikia mwisho. Alimzunguka ngamia wake, akampapasa mbavu, akatafuta kasoro, akakosa.

"Aliyekufundisha kukama ni mimi," alisema.

"Ndiyo, adeer. Na aliyesema nitasahau ni wewe."

Nikaifungua ile kengele shingoni, kwa sababu ngamia alikuwa wake, lakini kengele niliichonga mimi. Nikaondoka nayo, ikilia njia nzima. Siku hiyo hapakuwa na mwandishi wa gazeti hata mmoja Garissa.