Mtihani wa Kubweka

Harufu ya sikio la Tomi iliingia nyumbani kabla ya Tomi mwenyewe. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahaulika kwenye sufuria, imechanganyika na ile dawa ya kupe ambayo mama alimmwagia kila alipomaliza kumwogesha ng'ombe, kwa sababu aliona ubadhirifu kuitupa iliyobaki. Dawa ilimchoma mpaka akazunguka ua mzima akijisugua kwenye migomba, na sisi watoto tulicheka hadi tukashika mbavu. Hivyo ndivyo tulivyompenda mbwa wetu pale Nyacheki. Msimu ule wa mvua, chai ikichipuka kuliko tulivyoweza kuichuma, uvimbe ulimtokea nyuma ya sikio, ukapasuka, na nzi wakahamia humo na familia zao.

Tomi alikuwa amezeeka. Aliletwa akiwa mchanga na baba mdogo Ombati, mdogo wake baba, aliyemnunua sokoni Keroka na kumbeba ndani ya koti hadi nyumbani. Ombati aliishi nasi, na mbwa alilala mlangoni pake, akala mifupa yake, akamsindikiza kila asubuhi hadi kituo cha kupimia majani ya chai. Kwa baba yangu mapenzi hayo hayakuwa na maana yoyote. Kwake mbwa alikuwa kufuli ya boma, na hakuna mtu anayepeleka kufuli hospitalini.

Ijumaa moja alasiri alikuja daktari wa mifugo, mtu wa upande wa Kericho asiyejua Kigusii chetu, kwa hiyo siku hiyo watu wazima walizungumza Kiswahili. Alikuja kwa ajili ya kiwele cha ng'ombe kilichovimba. Alipomaliza nikamvuta ovaroli nikamwonyesha sikio la Tomi, na mama akanikodolea macho kana kwamba nimemwonyesha mgeni nguo za ndani. Daktari hakucheka. Alichutama, akaosha kidonda, akabonyeza uvimbe taratibu huku Tomi akitetemeka.

"Huyu bado ana maisha," akasema. "Nikiutoa huu uvimbe leo, atapona. Dawa ya usingizi ninayo hapa kwenye pikipiki. Mzee, unasemaje?"

Baba alitazama jua. Sisi ni Waadventista, na Ijumaa kila kitu kilipaswa kumalizika kabla jua halijatua na Sabato kuingia: maji, kuni, maharagwe, hata ugomvi.

"Inabweka?" akauliza.

Daktari alidhani hakusikia vizuri.

"Hii mbwa. Bado inabweka? Kama haibweki, unanitengenezea nini?"

Ukweli ni kwamba hakuna aliyekumbuka alibweka lini. Baba, ambaye alipenda kuonekana mtu wa haki, akaamua kumpa mtihani. Alimwita Ombati, akamvisha koti lake la mvua na kofia, akamwambia azunguke nyuma ya shamba na kuingia kwa kunyemelea kupitia kwenye migomba, kama mwizi. Mbwa akibweka, daktari atamkata uvimbe. Akinyamaza, basi. Majirani walikuwa wameshaingia majumbani mwao kujiandaa kwa Sabato, na mwanamume mwingine aliyekuwepo alikuwa daktari tu, naye alishamshika mbwa na kumwosha. Kwa hiyo mwizi wetu akawa Ombati, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeona kasoro. Mimi nilifumba macho nikamwomba Mungu ampe mbwa sauti.

Majani ya migomba yalitikisika. Tomi aliinua kichwa, akanusa, akajikokota hadi akasimama kwa miguu yote. Kisha akatikisa mkia. Alitikisa mkia pamoja na kiuno na mbavu, akaenda kumlamba Ombati mkono, na Ombati akacheka, halafu akakumbuka maana ya kicheko hicho akafunga mdomo.

"Tata, anamjua!" nilimlilia baba kwa Kigusii. "Mtume mtu asiyemjua!"

"Kama anamjua," akasema, "basi aende naye."

Daktari aliomba angalau amchome sindano, alale bila maumivu. Baba akajibu kwamba sindano ni ya ng'ombe. Daktari akafunga mkoba wake bila kunitazama, na nikamchukia yeye pia, kwa sababu alipokea maparachichi aliyofungiwa na mama na akashukuru. Ombati alifungua kamba ya ndama akaichukua. Hakubishana, maana kaka yake ndiye aliyekuwa na shamba. Tomi alimfuata kuelekea bondeni kwa furaha ya mbwa aliyeitwa matembezini, na mama akatuita tukaoge.

Tulikuwa tumeketi sebuleni, vitabu vya nyimbo vimefunguliwa, Tomi alipobweka. Sauti ilitoka kule bondeni, nzito na safi, sauti yake ya ujana iliyowahi kuwarudisha watu barabarani. Alibweka, akabweka, kisha sauti ikakatikia katikati. Baba alilamba kidole akafunua ukurasa. "Wimbo unaofuata," akasema. Baadaye kidogo Ombati aliingia, amenawa hadi viwikoni, akaketi karibu na mlango na kuimba besi kama kawaida. Nilimchukia baba yangu jioni ile, na sijaacha.

Leo ninaishi Keroka, kwenye nyumba yenye ukuta, na mbwa wangu ana kadi ya kliniki. Mwaka huu alipata saratani ya mfupa. Daktari wake, kijana mpole, alinishauri nimwache apumzike, kwa kuwa ni mzee na ugonjwa umeenea. Nilikataa kwa hasira iliyomshangaza. Wakamkata mguu. Kidonda kimegoma kupona, ameongezewa maji mpaka mishipa imejificha, na kila asubuhi ninapombadilishia bandeji anapiga mayowe, nami namfunga mdomo kwa kitambaa na kumwambia nampenda. Wanangu wanajisifu shuleni kwamba mama yao hakati tamaa.

Jumapili iliyopita baba alikuja kunitembelea. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo. Aliketi barazani akanitazama nikimgandamiza mbwa sakafuni kwa goti, na mimi, kwa kutaka kumchoma, nikasema, "Siku hizi, Tata, mbwa wanatibiwa."

Aliegemea fimbo yake akamtazama yule mbwa.

"Naona," akasema. "Wangu alilia jioni moja tu."