Nani Aliyenichukulia Nyota

Nakumbuka siku niliyokata mikono miwili ya kushoto kwa gauni moja la harusi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, najifunza cherehani Sofu, Kibaha, na mama yangu alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Fundi wetu hakunifokea. Alichukua kitambaa kilichobaki akampa Mwanahawa, mwanafunzi mwenzangu, akasema, “Maliza wewe.”

Mwanangu, wivu ulinikaba. Huyo Mwanahawa tulianza naye pamoja, na mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kushika futi. Sasa yeye akitajiwa vipimo vya mteja mara moja, havimtoki. Mimi navisoma, nikigeukia meza nimesahau. Watu wananisemesha, maneno hayaingii. Yeye akicheka, naona ananicheka mimi. Tena fundi alikuwa anataka kumwajiri mmoja wetu, na nilijua ni nani.

Basi nikamvaa mbele ya wateja. “Mwanahawa, umenichukulia nyota yangu! Nirudishie!”

Mkasi ukamdondoka, akaanza kulia. Mimi huyo, nikaenda kwetu Kisarawe kumwomba shangazi anipeleke kwa mganga.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa anamenya mihogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kisu.

“Tangu tumzike mama yako, umelala vizuri lini?”

Sikukumbuka.

“Na kula?”

Nikaanza kuokota maganda ya mihogo.

“Mtu halali, hali, kila kukicha ana hofu. Hiyo akili itafanyaje kazi? Mtoto wa watu kakukosea nini? Kwa mganga hatuendi. Kesho hospitali, halafu ukamwombe radhi mwenzio.”

Daktari alisema nina sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na ugonjwa wa wasiwasi pia. Akanieleza kwamba maradhi hayo huvuruga kumbukumbu na umakini, hata kuamua jambo dogo kukawa mzigo, lakini yanatibika. Nikatibiwa, nikaenda kuzungumza na daktari huyo mara nyingi, na vipimo vikaanza kukaa kichwani polepole. Ajira alishapewa Mwanahawa. Nilimwomba radhi, akanisamehe, na leo ana duka kubwa kule Pangani, hapo hapo Kibaha. Nikipita pale roho bado inaniuma, sikufichi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukisoma ukurasa mmoja asubuhi nzima na kisiingie kitu, usijiite mjinga, wala usimtafute mwizi miongoni mwa rafiki zako waliofaulu. Wivu ukikushika, ukushike, lakini mdomo utumie kusema “naumwa,” umwambie mtu wa nyumbani na umwambie daktari. Mimi nilichelewa nikaikosa ile kazi. Wewe nenda mapema.

Mungu akupe usingizi mwema, akutulize moyo, akili yako ikurudie yote. Na mwenzako akifanikiwa kabla yako, Mungu akupe nguvu ya kumpigia makofi, hata kama ni ya shingo upande.